Tazama Ukingo Kwanza: Kuitambua Mikondo ya Uchoraji

Mtu wa Lamu akiona chombo kwa mbali haulizi kimebeba nini ndipo ajue kimeundwa wapi. Anatazama omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo. Ikisimama wima, jahazi ni la kwetu. Ikilala mbele, ni la Unguja. Picha nazo zasomeka vivyo hivyo, ila wengi huanza na shehena: wakiona mashua na maji hudai ni impreshonizimu, wakiona uso uliopinda hudai ni kubizimu. Mimi huanza na ukingo, yaani pale umbo moja linapokoma na jingine kuanza. Kisha hutazama kivuli, halafu mkono wa mchoraji, yaani alivyoitumia brashi.

Urasimi mpya, wa mwishoni mwa karne ya 18, ndio rahisi kuliko yote. Ukingo wake umekatwa safi pande zote, kama ubao uliopigwa randa. Tazama kazi ya Jacques-Louis David ya 1784 inayoonyesha kiapo cha ndugu wa ukoo wa Horatii: upanga, mkono, vazi, kila kimoja kina mpaka wake, watu wamepangwa kama wako jukwaani, na alama ya brashi huioni.

Baroko, iliyotangulia kwa zaidi ya karne moja, hukupa nusu tu ya ukingo. Mwekee mtu kandili upande mmoja, usiku, ndani ya daka: shavu moja linawaka, jingine limezama gizani wala hujui linapoishia. Caravaggio alifanya hivyo mwaka 1599 na 1600 alipochora kuitwa kwa Mathayo, picha iliyomo katika kanisa la San Luigi dei Francesi, Rome. Ila giza peke yake si ushahidi, kwa kuwa wachoraji wa ulimbwende, mkondo wa baadaye wa hisia kali, walilipenda pia. Uliza mwanga unatoka wapi. Katika baroko ya namna hii unatoka upande mmoja unaoweza kuuonyesha kwa kidole, na unaangukia pale hasa tukio linapotendeka.

Sasa impreshonizimu, ambayo watu huitaja sana na kuitambua kidogo. Ushahidi wake mkubwa ni kivuli. Simama ufukweni saa tatu asubuhi, utazame mikunjo ya kanzu nyeupe upande usiopigwa na jua. Si myeusi, wala si ya kijivu hasa. Ina bluu, kwa sababu inaangazwa na mbingu. Claude Monet na wenzake walipaka bluu hiyo na zambarau badala ya kuongeza nyeusi. Waliweza kumaliza picha nje kwa wepesi kwa kuwa rangi ya mafuta ilikuwa tayari inauzwa katika vibomba vya bati, vilivyopewa hataza mwaka 1841. Jua linahama, mchoraji ana haraka, basi mipigo ya brashi inabaki mifupi na ukingo unavunjika.

Kuna jaribio zuri la simu. Chukua nakala nzuri ya picha ya Monet ya 1872, ile ya jua likichomoza bandarini Le Havre, ambayo jina lake ndilo lililozaa jina la mkondo. Igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Lile jua la rangi ya chungwa karibu litapotea! Mwangaza wake unakaribiana mno na wa anga. Kinacholitenga ni rangi tu. Usitarajie kila picha ya mkondo huu ifanye hivyo.

Usiichanganye na ekspreshonizimu kwa kufanana majina. Hiyo ya pili, kama ilivyochorwa na kundi la Ernst Ludwig Kirchner lililoundwa Dresden mwaka 1905, haishughuliki na jua. Uso unaweza kuwa kijani kwa sababu ya hofu, na mara nyingi ukingo ni mnene na mweusi.

Georges Seurat, mchoraji Mfaransa, ni wa nukta, basi: alijenga picha kwa nukta ndogo za rangi. Lakini nukta hizo uzitazame kwa hatua tatu, kisha kwa umbali wa shubiri mbili. Kwenye kioo cha simu zinayeyuka na unaweza kumdhania mtu mwingine.

Kwa kubizimu, maumbo ya pembetatu hayatoshi. Tafuta kitu kimoja kilichoonwa toka pande mbili kwa wakati mmoja: mdomo wa jagi ni duara kama unautazama toka juu, tumbo lake limechorwa toka ubavuni. Halafu angalia kama ukingo umeachwa wazi mahali, jagi likavuja na kuingia ukutani. Kazi za Picasso na Braque za 1910 hadi 1912 ni za kahawia na kijivu. Kuanzia 1912 ndipo vipande vya karatasi na vitambaa vilipoanza kubandikwa.

Surealizimu, mkondo wa picha kama za ndotoni, inaivunja kanuni yangu, nakiri. Kwa Salvador Dalí au René Magritte ukingo ni safi kama wa David, brashi haionekani, na ukifuata mkono peke yake utapotea. Hapa shehena ndiyo inayosema: katika picha moja ya Dalí saa zimelegea kama nguo zilizoanikwa. Picha hiyo, ya 1931, ni ndogo ajabu, sentimita 24 kwa 33, na udogo huo ndio unaokulazimisha uisogelee.

Tingatinga, mkondo wa uchoraji wa Tanzania, tuuache ujieleze kwa rangi yake. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Rangi hiyo inanata na haikubali kuchanganywa polepole ubaoni, ndiyo maana chui wa mwanzo ni bapa, ana madoa yaliyotengana, na nyuma yake kuna rangi moja tupu. Ukikuta simba ambaye manyoya yake yametiwa kivuli unywele kwa unywele, hiyo ni picha ya mnyama tu.