Hisa Kupanda Bei Si Ahadi ya Kupanda Tena
Wapo wakulima wa tumbaku hapa Tabora ambao, wakishalipwa fedha za msimu, hununua hisa kwa sababu moja tu: bei yake imepanda kwa miezi kadhaa, nao huamini kwamba lazima itaendelea kupanda. Dhana hiyo si sahihi, na inaniuma kwa kuwa fedha hizo ni jasho la mwaka mzima. Bei ya leo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam kwa kawaida imekwisha kubeba habari njema zinazojulikana, yaani wanunuzi wameshaipandisha kwa sababu ya habari hizo. Tuseme hisa inatoa gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wenye hisa, la shilingi 40 kwa mwaka: aliyeinunua kwa shilingi 500 hupata asilimia 8, ilhali anayeinunua kwa 800, kampuni ikiwa ile ile, hupata asilimia 5, na akilazimika kuuza bei ikiwa imerudi 500 atapoteza shilingi 300 kwa kila hisa.