Mita ya kisasa haikuongezei bili

Kila mita mpya za maji zinapofungwa, hapa Tanga utasikia: "Hizi zinakimbia, zimeletwa kutukamua." Nimeyasikia Ngamiani, nimeyasikia Makorora. Si kweli, na dhana hii inatupotezea maji.

Mita ya kisasa inapima maji yaliyopita, kama ile ya zamani. Tofauti ni kwamba inatuma namba zake mara nyingi kwa siku, bila kumsubiri msoma mita aje mara moja kwa mwezi. Hapo ndipo uvujaji unapoonekana. Saa nane hadi saa kumi usiku watu wamelala. Kama mita bado inasoma, maji yanakwenda mahali. Mafundi hulinganisha pia maji yanayoingia mtaani na jumla ya mita za wateja. Pengo likiwa kubwa usiku, bomba la mtaa huenda limepasuka chini ya ardhi.

Nyumbani kwa shangazi nasi tuliilaumu mita. Usiku mmoja tukafunga bomba zote, namba zikaendelea kupanda. Kumbe boya la tangi la choo halikuwa linafunga. Maji yalikuwa yakiteleza kimyakimya ndani ya sinki la choo. Lita 10 tu kwa saa ni lita 7,200 kwa siku 30, yaani uniti 7 na ushee (uniti moja ni lita 1,000)!

Lalamiko moja lina ukweli: maji yakirudi baada ya mgao, hewa iliyomo bombani inaweza kuzungusha gurudumu la mita ya zamani. Mita ya kisasa inayopima kwa mawimbi ya sauti haina gurudumu la kuzungushwa.