Katalogi ya picha ni nini, na kwa nini uielewe kabla hujachagua programu

Hapa Lamu mtu akishanunua kamera, ama simu yake ishajaa picha mpaka haikubali tena, swali lake la kwanza hua ni "programu gani nzuri?" na jibu analopewa ni jina tu, huyu ataja Lightroom, yule Google Photos, mwengine Snapseed, kila mtu na ile anayotumia yeye. Mimi naona hilo swali laja mapema. Kuna kitu kimoja cha kuelewa kwanza, na ukishakielewa hizo programu utazichambua mwenyewe bila kumuuliza mtu. Kitu chenyewe ni katalogi.

Katalogi ni kumbukumbu ambayo programu inaweka kuhusu picha zako. Si picha zenyewe. Ni kama daftari la muuza duka: sukari na unga viko kwenye rafu, daftari lajua tu kiko wapi, kiasi gani, na nani kachukua, kwa hivo ukilibeba daftari ukenda nalo Mokowe hujabeba hata kilo moja ya unga. Picha ziko kwenye folda, kwenye diski ama memori kadi, na katalogi imeandika kwamba picha fulani iko folda fulani, imepigwa tarehe fulani, imepewa nyota nne, ndani yuko shangazi, imekatwa kidogo upande wa kushoto, mwanga umepunguzwa kiasi hiki.

Hapo kwenye mwanga ndipo penye uzito. Chukua picha moja, saa sita mchana, kichochoro cha Mkomani, jua lapiga ukuta wa chokaa mpaka umekua mweupe pe na huku chini ni kivuli kizito, mzee amekaa barazani na uso wake hauonekani. Ifungue kwenye programu yenye katalogi, tuseme Lightroom Classic ama darktable, shusha mwanga mkali, pandisha vivuli, taratibu ukutani zaanza kutokea alama za mkono wa fundi aliyepaka chokaa na uso wa mzee nao watoka gizani. Kwenye skrini picha imebadilika kabisa. Lakini ile faili kwenye diski haijaguswa! Kilichohifadhiwa ni maagizo tu, mistari ya maandishi inayosema shusha hiki kiasi hiki, pandisha kile kiasi kile, uzito wake kilobaiti chache wakati picha yenyewe yaweza kua megabaiti 25. Kila ukiifungua, programu inayasoma yale maagizo na kukuonesha matokeo. Mwaka kesho ukiona ulizidisha warudi mpaka siku ya kwanza. Picha mpya yenye mabadiliko inazaliwa pale tu unapoitoa, yaani kuekspoti, umpelekee mteja ama uchapishe.

Sasa weka hiyo kando ya zile programu zinazoandika juu ya picha yenyewe. JPEG, ambayo kiwango chake kiliwekwa mwaka 1992 na ndio faili ya simu na kamera nyingi mpaka leo, inapunguza uzito kwa kutupa vitu vidogo ambavyo jicho halivioni kirahisi. Ukiediti ukasevu juu yake inatupa tena, ukirudia inatupa tena, na kile kilichotupwa hakirudi, mbingu inaanza kua na mabaka na nakshi za mlango zinakua kama zimepakwa matope. Kwa picha ya kutuma mara moja si neno. Kwa picha ya marehemu babu ambayo iko moja tu duniani, tafadhali usifanye hivo.

Haya, tukubaliane kwamba maagizo ni bora kuliko kuandika juu ya picha. Swali linalofuata watu wengi hawaliulizi kabisa, nalo ndilo la kuchagulia programu: hayo maagizo yanaandikwa wapi? Lightroom Classic kwa kawaida inayaweka yote ndani ya faili moja ya katalogi, inayoishia na lrcat. darktable ina hifadhi yake ya ndani lakini pia inaandika kijifaili kidogo kando ya kila picha, jina lile lile la picha na mwisho wake xmp, kwa hivo ukihamisha folda nzima kumbukumbu inahama nayo. digiKam nayo ina katalogi yake na kwenye mipangilio waweza kuiambia iandike majina na nyota ndani ya picha zenyewe, ama kando yake. Lightroom Classic pia waweza kuiambia iandike nje, lakini mpaka uiambie.

Hili si jambo la mafundi peke yao. Nani anaikumbuka Picasa, ile programu ya picha ya Google? Ilikua nyepesi, bure, na kompyuta nyingi za ofisi na saiba zilikua nayo. Ukiediti picha ndani yake bila kusevu, maagizo yalikaa kwenye faili iliyofichwa ndani ya folda, jina lake picasa.ini, na programu nyengine karibu zote hazikujali kuisoma. Google wakaacha kuishughulikia mwaka 2016. Picha za watu hazikupotea, lakini kazi waliyoifanya juu yake, rangi walizosawazisha, picha walizokata, kwa wengi ilibaki pale kwenye kifaili ambacho hakina msomaji. Ndio maana nasema programu ipimwe kwa namna unavyoondoka kwake, si kwa namna ilivyokupokea.

Na hata bila programu kufa, kuna kosa la kila siku. Mtu ana katalogi nzuri kabisa alafu aenda kuhamisha folda kwa mkono, nje ya programu, ama aipa jina jipya. Akifungua programu anaambiwa picha hazionekani, na hapo presha yapanda, manake afikiri zimefutika. Hazijafutika. Kumbukumbu yaangalia pale pa zamani, basi, uioneshe folda iko wapi sa hii na mambo yatarudi. Ukiwa na katalogi, hamisha ukiwa ndani ya programu.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa sana, na naona wale wanaoshauri watu kuhusu programu hawalijui kwa sababu harusi zao si kama zetu. Kwenye kupamba hapa, bibi harusi yuko mbele ya wanawake tu, kavaa, kapambwa, nywele wazi, na wageni wote wamevua mabuibui wamekaa kwa raha zao. Simu mara nyingi zazuiliwa mlangoni. Anayeingia na kamera ni mwanamke mwenzao aliyeaminiwa, na ile amana haiishi usiku ule, yaendelea mpaka kwenye kompyuta yake. Akitumia programu ambayo katalogi yake iko klaudi, zile picha zapanda kwa intaneti kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni, na si kwamba kampuni itazibandika popote, la, ni kwamba akaunti ile ile imefunguliwa kwenye simu ya nyumbani, na tableti ya watoto, na kompyuta ya dukani kwa kakake, na zote zaonesha kitu kimoja. Bibi harusi hakukubali hivo. Tena Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na picha inayomtambulisha mtu ni data yake, lakini hata kabla ya sheria hilo ni suala la heshima ya mtu.

Kwa kazi ya namna hiyo mimi sioni njia nyengine ila katalogi ya kukaa kwenye diski yako. Ujue pia kwamba Adobe, kampuni yenye Lightroom, waliigawa mwaka 2017, ile inayoitwa Classic inaweka picha kwenye diski, na ile inayoitwa Lightroom peke yake imejengwa juu ya klaudi, majina yafanana na watu huchukua moja wakidhani ni ile nyengine. Utambuzi wa nyuso nao uuangalie: digiKam inafanyia kazi hiyo ndani ya kompyuta yako, nyuso haziendi kokote.

Kwa picha za kawaida, watoto, Maulidi, mashindano ya mashua, Google Photos ni rahisi na sina ugomvi nayo, utafutaji wake ni mzuri mno. Jua tu kwamba nafasi ya bure ni gigabaiti 15 na inagawanywa na barua pepe zako, ule wakati wa kuweka bila kikomo uliisha Juni 2021. Na ukifuta picha iliyopanda ukiwa ndani ya ile programu, inafutika simu na klaudi pamoja, inakaa kwenye pipa siku 60 alafu kwaheri. Ukiomba kushusha picha zako zote, tarehe na maelezo uliyoyarekebisha ndani yake yaja kwenye vijifaili vya kando, vya json, ambavyo programu nyingi hazivisomi moja kwa moja. Snapseed ni ya kuediti, haipangi kitu. GIMP vivyo hivyo, nguvu inayo lakini usiitafutie albamu. Na Lightroom ni ya kulipia kila mwezi, ukiacha kulipa Classic yafunguka bado, picha waziona na kuzitoa waweza, ila sehemu ya kuediti yafungwa.

Kitu chengine ambacho katalogi yoyote itakusumbua nacho ni picha za WhatsApp. Kamera inaandika ndani ya faili tarehe, saa, na simu mara nyengine mpaka mahali, huo mpango waitwa Exif na ulianzia Japani mwaka 1995, na katalogi yapanga kwa kusoma hapo. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa na hayo maandishi yaondolewa, kwenye Android waipata na jina la IMG, tarehe iliyotumwa, na WA na namba mwisho. Kwa hivo harusi ya Disemba ambayo binamu alikutumia Machi itakaa Machi pamoja na mambo mengine. Mwambie atume kama dokumenti, picha itakuja nzima na tarehe yake. Zilizokwisha kuja vibaya, zichague zote kwa pamoja uzipe tarehe ya kweli ndani ya programu, digiKam yafanya hilo kwa mafungu.

Kabla hujaingiza picha zako zote kwenye programu uliyoichagua, ijaribu kwa chache. Chukua kama kumi, ziweke kwenye folda ya peke yake, ziediti, zipe nyota, andika majina ya watu. Alafu nakili hiyo folda kwenye diski nyengine, fungua na programu tofauti kabisa, uangalie kilichofika. Maagizo ya kuediti kwa kawaida hayafiki, kila programu yasoma ya kwake, kwa hivo picha zilizo muhimu zitoe pia kama JPEG iliyokamilika uiweke kando ya ile ya asili. Nyota na majina yafaa yafike. Yasipofika, rudi kwenye mipangilio utafute pa kuiambia iandike kwenye faili ama kando ya faili, na kama hapo hapako tafuta programu nyengine. Na bakapu, yaani nakala ya akiba, ikifanywa iwe ya vyote viwili, folda za picha na faili ya katalogi, kwenye diski ambayo haikai nyumba moja na kompyuta.