Magodauni ya zamani Mombasa: umri peke yake haulindi jengo

Siku hizi meseji zimekuwa nyingi, watu wanauliza mbona godauni fulani limeezuliwa mabati na kuta zinaangushwa, na nyinyi wa uhifadhi mumenyamaza tu. Swali ni la haki na najua anayeuliza anaupenda huu mji. Lakini nyuma yake kuna dhana moja ambayo kwa kweli inatuchosha, ati jengo likiwa kuukuu basi sheria inalilinda lenyewe. Haililindi. Sitataja plot ya mtu hapa, manake nyengine zina mambo ya umiliki ambayo hayajaisha, nitaeleza tu vile inavyokwenda.

Mji wa Kale ulitangazwa eneo la uhifadhi mwaka 1990, kwa hivyo mwenye nyumba kule akitaka kubadilisha mlango ama roshani anajua lazima apite kwetu sisi wa uhifadhi. Hilo watu wamelizoea. Lakini ukishatoka Mji wa Kale ukashika njia ya Makupa, Shimanzi, Mbaraki mpaka Changamwe, mipaka ile haikufuati, na huko ndiko yaliko magodauni, karakana na viwanda.

Sasa ile Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 ina mwaka mmoja muhimu, 1895. Kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa ama kuletwa Kenya kabla ya mwaka huo kinahesabiwa cha kale bila ya kungoja mtu atangaze. Hesabu mwenyewe basi. Reli ilianza kutandikwa hapa Mombasa 1896. Kampuni ya kwanza ya stima mjini iliundwa 1908, pale mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee alipopata jenereta iliyokuwa ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, iliyowasha taa za jumba la huyo sultani. Refainari ya Changamwe ilianza 1963, ikaacha kusafisha mafuta 2013. Yaani karibu historia nzima ya kazi ya mikono na mitambo katika mji huu imekuja baada ya huo mwaka, kwa hivyo winchi, boila ama pampu ya miaka ya 1920 haina kinga yoyote mpaka mtu aisimamie. Hili linaniuma kila nikilifikiria, kwa sababu Mombasa hii tunayoishi imejengwa na kuli, fundi na wapakiaji mizigo kuliko ilivyojengwa na magavana, na mahali walipofanya kazi ndipo panapobomolewa kwanza.

Kwa upande wa majengo sheria ni pana zaidi. Jengo la umri wowote linaweza kutangazwa kama lina maana ya kihistoria, kiutamaduni, kisayansi, ya usanifu ama ya kiteknolojia, na hilo neno la teknolojia ndilo linaloingiza viwanda. Utaratibu ni huu: utafiti unafanywa, Waziri anatoa notisi kwenye gazeti la serikali baada ya kushauriana na Makavazi ya Taifa, halafu kuna miezi miwili ambayo yeyote, hata mwenye jengo, anaweza kuleta pingamizi kwa Waziri, kisha ndio notisi inathibitishwa ama kuondolewa. Si barua ya wiki moja. Na wenye majengo naomba munisikize hapa, kugazetiwa si kunyang'anywa. Umiliki unabaki wako na hatimiliki yako haiguswi, kinachobadilika ni kwamba huwezi kubomoa ama kugeuza bila idhini ya maandishi. Tumeshaeleza hili baraza baada ya baraza na bado mtu anafunga geti akituona na kamera.

Upande wa pili ni kaunti. Katiba imeipa serikali kuu majengo ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa, lakini mipango ya ujenzi ni ya kaunti. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 hakuna kazi yoyote ya ujenzi kwenye ardhi wala kubadilisha matumizi ya jengo bila kibali cha kaunti, na anayeanza bila kibali akipatikana na hatia faini ni mpaka shilingi 500,000 ama kifungo kisichozidi miezi 2, ama vyote viwili. Kubwa zaidi ni hili ambalo wengi hawalijui: mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, kibali kinachukuliwa kuwa kimetolewa. Kukaa kimya ni kukubali. Kwa hivyo ukiniletea picha wakati tingatinga liko ndani ya uwanja umenichelewesha.

Kwa wenye majengo wanaotaka kuyatunza, na wako, tatizo kubwa ni simiti. Kuta nyingi za zamani ni matumbawe na chokaa, zinavuta unyevu na kuutoa kama nguo iliyoanikwa. Ukizipiga plasta ya simiti unyevu unafungika ndani na chumvi yake, baada ya misimu michache plasta inabanduka na jiwe lenyewe linakuwa unga, halafu injinia anakuja anasema ukuta hauna nguvu, bomoa. Tumieni chokaa. Zibeni paa kabla ya kitu chengine chochote, safisheni mifereji kabla ya mvua za masika, na nguzo za chuma zipakwe rangi ya kuzuia kutu manake upepo wa bahari haungoji bajeti. Kama paa ni la asbesto usilipandie na msumeno, lazima litolewe na watu wenye leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira.

Na vyuma jamani. Mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu, lakini mashine ndani ya kiwanda kilichofungwa inaendelea kuuzwa kwa kilo. Pwani nzima iko hivyo. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kule Kwale kilianguka 1988, cha korosho Kilifi kikafunga miaka ya 1990, na kila mwaka unaopita mitambo ikikatwa ndio jengo linabaki ganda ambalo hata kulitetea kwa hoja ya teknolojia ni shida.

Ukija ofisini kwetu njoo na namba ya plot, picha za nje na za ndani hasa paa na mashine, na jina la mzee yeyote aliyefanya kazi pale na yuko tayari kuzungumza. Kama kuna tangazo la ujenzi limebandikwa getini lipige picha na tarehe yake ionekane, manake zile siku 60 zinahesabiwa tangu ombi lilipoingia kaunti, si tangu siku uliyoliona wewe.