Raba na jezi za kukimbilia: tunayoambiana na yaliyo kweli

"Raba ya bei ghali ndiyo inayodumu."
Si lazima. Septemba 2023, Tigist Assefa wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake mjini Berlin kwa saa 2:11:53, akiwa amevaa Adidas Adizero Adios Pro Evo 1. Kiatu hicho kilichouzwa dola 500 kina gramu 138, na kampuni yenyewe ilisema kimetengenezwa kwa ajili ya mbio moja, pamoja na muda wa kukizoea. Bei ile ni ya wepesi. Wewe unayekimbia jioni kando ya barabara tafuta kiatu chenye mpira mgumu chini ya soli na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole. Kijaribu jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo.

"Soli haijalika, kwa hiyo kiatu ni kizima."
Dhana hii inaweza kuumiza watu, hasa sisi wanunuzi wa mitumba. Kinachokinga goti na kisigino ni sponji iliyo katikati ya soli, nayo huchoka kabla ya mpira wa chini kulika. Watengenezaji wengi hutaja kilomita 500 hadi 800 kuwa ndio umri wa kiatu. Ukiwa Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, usiishie kugeuza kiatu na kutazama meno ya soli. Kiweke mahali tambarare ukitazame kwa nyuma: kikilalia upande mmoja, kiache, maana kimeshafuata mwendo wa mwenyewe wa kwanza. Kisha bonyeza sponji ya pembeni kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo mingi iliyojipanga, imekwisha, hata kama muuzaji ameing'arisha ikameta.

"Abebe Bikila alishinda pekupeku, viatu vya nini?"
Kweli, Mwethiopia huyo alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Lakini alikuwa amezoea kukimbia hivyo, na viatu alivyopewa havikumkaa vizuri. Tokyo 1964 alishinda tena, safari hii amevaa viatu.

"Fulana ya pamba ndiyo bora kwa jasho."
Pamba hunywa jasho ikabaki nalo. Huwa nzito, na kwenye mbio ndefu huchubua kwapa na chuchu. Soksi za pamba nazo huleta malengelenge. Poliesta hukauka upesi, ila harufu huishikilia kuliko pamba, kwa hiyo usiiache imekunjwa na jasho ndani ya begi hadi kesho.

"Jezi inayonuka iongezwe sabuni na kilainishi."
Kilainishi huacha utando kwenye nyuzi, jezi ikashindwa kupitisha jasho, na harufu ikanaswa humo humo. Igeuze nje ndani, ifue kwa maji ya baridi na sabuni kiasi, isuuze mpaka povu liishe, uianike kivulini. Usiipige pasi ya moto.

"Raba iliyolowa ianikwe juani."
Jua kali na moto wa jiko hudhoofisha gundi na kuharibu sponji. Toa kamba na soli ya ndani, jaza magazeti, uyabadilishe yakilowa.

"Sidiria ya michezo ni ya wenye matiti makubwa."
Matiti ya ukubwa wowote hutikisika mtu akikimbia, na maumivu yake huwafanya baadhi ya wasichana waache michezo. Ikaze bila kubana pumzi. Mpira wake ukilegea, nunua nyingine.