Ziwa liko pale chini, robine imekauka: dhana za maji tunazobeba Goma

Dhana mama ya zote ni hii: "Ziwa halikauki, sasa mnabana maji ya nini?" Hapa Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, utaisikia mtaa wa Kyeshero, utaisikia Majengo, na anayeisema huwa ana hakika. Ni kweli Ziwa Kivu lina kina kinachokaribia mita 480 na eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,300. Hakuna atakayelimaliza kwa kuoga. Lakini tunakunywa yale tu yaliyopandishwa kutoka ziwani. Mji umekaa juu ya mawe ya volkeno, mvua ikinyesha inazama, na hatuna mto wa kutegemea. Kwa hiyo maji ya Regideso, shirika la maji la serikali, husukumwa kwa pampu kutoka ufukweni hadi kwenye matangi ya juu, ndipo yateremke kwenye mabomba. Umeme ukikatika, pampu inalala. Januari 2025 vita vilipoingia mjini na umeme ukakatika, robine, yaani bomba za maji, zilikauka na watu wakashuka ziwani na bidoni (madumu) zao za njano, ilhali ziwa halikuwa limepungua hata kidogo.

Unapobana maji Goma, unabana umeme, mafuta na mgongo wa mtu. Bidoni ya lita 20 ikijaa ina kilo 20. Mashirika ya misaada ya dharura huhesabu walau lita 15 kwa mtu kwa siku. Nyumba ya watu saba inahitaji lita 105, yaani bidoni tano na robo. Zipandishe mlima kwa mgongo, mshipi ukiwa kwenye paji la uso, halafu uje uniambie ziwa ni kubwa.

"Ziwa lina gesi, maji yake ni sumu." Hapana. Metani na kaboni dioksaidi ziko kwenye maji ya kina kirefu, na juu wanakochota watu hazina neno. Gesi ya kuogopa ni mazuku, ile hewa nzito inayojikusanya usiku kwenye mabonde karibu na ufukwe na ambayo haionekani. Usimtume mtoto kuchota alfajiri akipitia mabondeni. Mwambie angoje jua na upepo.

"Maji maangavu ni maji safi." Julai 1994 wakimbizi walipofurika Goma, maji ya ziwa yalikuwa maangavu vilevile. Kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara yalichangia sana vifo vya karibu watu 50,000 ndani ya mwezi wa kwanza. Kijidudu cha kipindupindu hakibadilishi rangi wala ladha ya maji. Ndiyo maana ugonjwa ukipamba moto utawakuta vijana ufukweni wakiwa na sirinji, wanapima klorini na kuitia kwenye kila bidoni. Hapo inazuka dhana nyingine, kwamba klorini inaua uzazi. Kipimo cha maji ya kunywa hakifanyi hivyo. Kinachoua ni kuikwepa. Acha bidoni dakika 30 kabla ya kunywa, na kama maji yana tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi, maana tope hula klorini.

Sasa tuje jikoni, ambako makala, yaani mkaa, inateketea bure. "Chemsha mpaka yapungue" ni ushauri wa bibi zetu, na ulitoka kwenye nia njema. Goma iko kwenye kimo cha kama mita 1,500, na huku maji huchemka yakiwa na nyuzijoto 95 hivi badala ya 100. Wengine wakisikia hivyo wanasema basi tuchemshe zaidi. Lakini kijidudu cha kipindupindu hufa kabla maji hayajafika huko. Maji yakianza kububujika kwa nguvu chungu kizima, hesabu dakika moja, ipua, funika. Dakika tatu ni za kwenye milima inayozidi mita 2,000. Ukiyaacha nusu saa umepoteza maji kwa mvuke, na umechoma makala ambayo huenda ilikatwa ndani ya mbuga ya Virunga.

Kuna ubaya mwingine wa kuchemsha sana, nao unatufikisha kwenye mvua. "Mvua ni maji ya Mungu, hayana haja ya kuguswa." Kwingine labda. Sisi tunaishi chini ya volkeno ya Nyiragongo. Mlima ukitoa moshi, mvua inayopita ndani yake hushuka na asidi na floridi, na vijiji vya upande wa magharibi ndivyo hupata zaidi kwa sababu upepo huelekea huko. Floridi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, kwa miaka mingi inaharibu meno ya watoto na hata mifupa. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapungua, floridi inabaki palepale, basi inazidi kukolea. Mvua ivune, tena kwa wingi, lakini iwe ya kufua, kuoga na kuosha sakafu, na ile ya kwanza inayosafisha bati iache ipite. Ya kunywa tafuta ya robine iliyotiwa dawa.

"Mawe ya volkeno yanachuja." Mchanga huchuja. Lava imejaa nyufa, na kinachomwagwa chooni hupenya haraka bila kuchujwa, kikateremka kuelekea kulekule tunakochota.

Ninayoichukia kuliko zote ni ile ya semina, kwamba maji yanapotea kwa sababu akina mama hawajui kubana. Nenda kwenye nyumba yoyote ya mtaa wa Ndosho uangalie bidoni moja inavyotumika. Maji ya kusuuzia nguo yanaosha sakafu, kisha yanaishia chooni. Ya kuoshea mchele yanamwagiwa mboga za lengalenga. Hakuna cha kumfundisha mtu huyo. Robine inayodondoka usiku na mchana hupoteza maji, na ni vizuri kuifunga. Lakini bomba kubwa lililopasuka barabarani, likimwaga wiki nzima huku chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zikipita kwenye dimbwi, linamwaga jasho la avenyu nzima. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilipokata mabomba, karibu watu nusu milioni walikosa maji safi, na hakuna mama aliyeweza kuyarudisha kwa kubana.

Kwa hiyo "kudai maji ni siasa" ni dhana potofu pia. Vijana walioanzisha LUCHA, harakati ya raia ya kudai mabadiliko, hapa Goma mwaka 2012 walikuwa na maji kati ya madai yao ya kwanza, na walichagua njia isiyo na fujo. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Kifungu cha 26 kinaruhusu maandamano, mradi waandaaji wawaarifu wakubwa kwa maandishi. Salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, ni nzuri kwa kuzibua mitaro na kupanga foleni, ila haiwezi kubadilisha pampu.

Anzeni na barua, iende kwa yeyote aliyekalia ofisi leo. Isiwe ya kulalamika tu. Andikeni jina la avenyu, tarehe maji yalipokatika, idadi ya nyumba, mahali bomba linapovuja na picha yake. Majirani watie sahihi, akina mama wakiwa wa kwanza, maana wao ndio wanaojua saa za maji. Pelekeni nakala mbili, na msitoke pale mpaka ile yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, mkirudi baada ya wiki mbili mtaambiwa barua haikufika.