Keria wa hepatitisi B ni nani hasa?

Msimu wa harusi ukifika hapa Nairobi neno keria linaanza kuzunguka, kwa kamati, kwa magrupu ya WhatsApp ya familia, hata kwa kanselingi ya kanisa, na karibu kila mara linatumiwa vibaya. Wengine wanalisema kama hukumu, "usioe huyo, ni keria." Wengine wanalisema kama kubembeleza, "aah, si ni keria tu, si ati ni mgonjwa." Hawa wa pili ndio wananikera zaidi, maana huongea kama watu waliosoma.

Keria wa hepatitisi B, ugonjwa wa ini unaoletwa na kirusi, ni mtu ambaye amekaa na kirusi hicho mwilini zaidi ya miezi 6. Basi, maana ndio hiyo. Kinachoangaliwa ni antijeni, yaani protini ya ganda la nje la kirusi, ile maabara inaandika HBsAg, na ikiendelea kuonekana kwa damu baada ya huo muda madaktari wanasema maambukizi yamekuwa sugu.

Sasa hiyo "tu". Nadhani shida ni kwamba keria tunayoijua sisi ni ile ya juu ya gari, unafunga magunia na godoro, gari linafika ushago, mzigo unashushwa, keria yenyewe haijaumia popote. Ndio maana mtu akiitwa keria wanafikiri yeye ni wa kupelekea wengine ugonjwa na wake mwenyewe hana. Lakini kirusi hiki kinaishi ndani ya ini lake, kinaweza kutulia miaka na miaka bila dalili yoyote halafu kiamke, na ini likiumizwa polepole hivyo linaweza kuishia na makovu, yaani sirosisi, au saratani. Si lazima, wengi wanazeeka bila kufika huko, ila hakuna anayejua yuko upande gani mpaka apimwe: ini linafanya kazi aje, kirusi ni kingi kiasi gani, halafu awe anarudi kliniki hata kama anajisikia fiti kabisa. Mtu ameambiwa "keria tu" harudi kliniki. Mbona arudi?

Kosa lingine ni kumpa mtu hilo jina kwa kipimo kimoja. Wengi hugundua wakienda kutoa damu, ama mama akienda kliniki ya wajawazito, ama mtu anatafuta kazi nchi za Ghuba anapimwa medikali anaambiwa hafai, anarudi nyumbani na karatasi bila maelezo yoyote. Kipimo hicho peke yake hakisemi kama uliambukizwa juzi au ulikuwa nayo tangu utotoni, na hapo ndipo hesabu inakuwa tamu: mtu mzima akiambukizwa, chini ya 5% ndio hubaki nayo, waliobaki mwili unaifukuza wenyewe. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, karibu 90% hubaki nayo. Sasa geuza hiyo uone inawaambia nini wachumba. Mtu mzima mwenye hepatitisi B sugu, kuna uwezekano mkubwa aliipata akiwa mdogo, kwa mama yake ama kwa watoto wenzake, kabla hajajua hata mapenzi ni nini. Kenya iliweka chanjo hii kwa ratiba ya watoto mwaka wa 2001, kwa hivyo waliozaliwa kabla ya hapo hawakuikuta wakiwa wachanga. Lile swali ambalo shangazi wote huuliza kwanza, "uliitoa wapi, ulikuwa na nani", mara nyingi jibu lake liko kwa kizazi cha shangazi mwenyewe.

Halafu kuna kuchanganya antijeni na kingamwili, na hapa uchumba unavunjika bure kabisa. HBsAg ikiwa pozitivu, kirusi kiko. Anti-HBs, ambayo ndiyo kingamwili, ikiwa pozitivu, una kinga, ama ulichanjwa ama uliugua ukapona. Karatasi mbili zote zimeandikwa pozitivu na moja ni habari njema! Na sisemi wale wanaochanganya na grupu ya damu B pozitivu, hao tuwaombee. Antijeni yenyewe iligunduliwa na Baruch Blumberg, Mmarekani aliyekuwa anachunguza tu tofauti za protini kwa damu za watu mbalimbali, akaikuta kwa damu ya mwenyeji wa asili wa Australia, akaitangaza 1965 ikiitwa antijeni ya Australia, kabla hata haijajulikana ina uhusiano na ini. Alipata Nobel 1976, na Siku ya Hepatitisi Duniani, Julai 28, ni siku yake ya kuzaliwa.

Na tafadhali wapenzi ambao mmoja ana kirusi na mwenzake hana, tuache kuwaita diskodanti. Hilo ni neno la HIV, ambayo haina chanjo. Hii iko nayo. Mwenzako anapimwa, akikutwa hana kirusi na hana kinga anachanjwa dozi 3, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza, halafu mwezi mmoja au miwili baadaye anapimwa tena hiyo anti-HBs, ikiwa 10 mIU/ml kwenda juu mambo yako sawa. Kabla ya hapo ni kondomu, na kila mtu na wembe wake na mswaki wake. Sahani, vikombe, kukumbatiana, hayo hayana neno.

Watoto pia wanapatikana kama kawaida. Baba akiwa ndiye mwenye kirusi, mama akichanjwa akapata kinga kazi kubwa imeisha. Mama akiwa ndiye, mtoto anahitaji chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa, na ile pentavalenti, chanjo ya pamoja yenye hepatitisi B ndani yake, ya wiki ya 6 kwake yeye imechelewa, kwa hivyo hayo yaongelewe na kliniki mapema, pamoja na sindano ya imunoglobulini, yaani kingamwili zilizo tayari, kama inapatikana. Mama mwenye kirusi kingi hupewa tenofovir, dawa ya kupunguza kirusi, miezi ya mwisho ya mimba, na kwa sababu dawa hiyo iko pia kwa ARV kuna ndugu ataona chupa na kuanza hadithi zake. Kujifungua kwa upasuaji hakuhitajiki kwa sababu ya hepatitisi peke yake, na kunyonyesha ni sawa. Upangaji uzazi hivyo hivyo: ini likiwa limetulia, tembe, sindano, koili, zote zinaruhusiwa, ni mwenye sirosisi kali au ini lililowaka ndiye anaambiwa aepuke tembe zenye estrojeni.

Kwa hivyo mchumba akikwambia "mimi ni keria tu", mrekebishe polepole, aseme nina hepatitisi B sugu, halafu umuulize ini lake lilipimwa lini mara ya mwisho. Na wewe pia ukapimwe hiyo wiki.